Seli ya mzizi inavyomtambua nematodi

Mwanafunzi mmoja wa kilimo ameniandikia hivi: "Tumefundishwa kwamba mmea hauna damu wala chembe nyeupe za kuzunguka mwilini. Sasa nematodi akiingia kwenye mzizi, seli inajuaje kwamba huyu ni mnyoo, si jeraha la jembe wala bakteria wa kawaida wa udongoni? Na kama inajua, mbona mizizi inajaa vinundu vilevile?"

Ndugu yangu, swali la kwanza lina jibu refu lakini linaeleweka. La pili ndilo linaloumiza vichwa vya watafiti, na ukweli ni kwamba huwezi kulijibu kabla hujaona jinsi utambuzi wenyewe unavyofanyika na mahali unapofanyika.

Tuanze na vipimo, maana bila hivyo picha nzima hupinda. Mtoto wa nematodi anayeingia mzizini yuko katika hatua ya pili ya ukuaji. Ile ya kwanza aliimaliza akiwa bado ndani ya yai. Ana urefu wa karibu nusu milimita na unene wa mikromita 15 hivi. Seli nyingi za mzizi mchanga zina upana usiotofautiana sana na huo. Kwa hiyo mnyama huyu akilala mzizini anapita seli nyingi kwa urefu wake, na kwa unene anaijaza moja. Seli haiwezi kummeza jinsi chembe nyeupe zinavyomeza bakteria, wala haiwezi kumfuata, kwa sababu imefungwa ndani ya ukuta wake wa selulosi na hapo ilipozaliwa ndipo itakapofia. Kilichobaki kwake ni molekuli: zile zinazogusa utando wake kutoka nje, zile zinazomwagika jirani anapotobolewa, na zile ambazo mnyoo mwenyewe anazidunga ndani.

Molekuli za kwanza kumfichua mnyoo ni askarosidi. Ni sukari ndogo iliyounganishwa na mnyororo wa asidi ya mafuta, na nematodi wa kila namna hutumia kemikali za jamii hii kuwasiliana wao kwa wao: kukusanyika, kutafutana, kupima kama wamezidiana idadi. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Boyce Thompson, Marekani, walionyesha kwamba mimea inayasikia mazungumzo hayo. Askarosidi iitwayo ascr#18, ambayo nematodi wanaoshambulia mimea huitoa kwa wingi kuliko nyingine, iliamsha kinga katika Arabidopsis (mmea mdogo unaotumiwa sana maabara), nyanya, viazi na shayiri, na ilifanya hivyo hata ikiwa katika kiwango kidogo mno. Ukifikiri utaona kwa nini mmea umechagua alama hii. Protini mnyoo anaweza kuibadilisha umbo kizazi baada ya kizazi, lakini lugha ambayo jamii nzima inaitegemea ni vigumu kuiacha.

Kipokezi kinachoishika ascr#18 kinaitwa NILR1. Kiligunduliwa kwa njia ambayo naipenda kwa urahisi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwaloweka nematodi majini, wakawaondoa, kisha wakachukua yale maji matupu na kuyaweka kwenye tishu za Arabidopsis pamoja na kemikali inayotoa mwanga inapokutana na oksijeni kali. Mnyoo hayupo, lakini mmea unawaka: unamwaga haidrojeni peroksaidi na jamaa zake kana kwamba umevamiwa. Mimea iliyoharibiwa jeni ya NILR1 haikuwaka ipasavyo, na ilipokutana na nematodi wenyewe ilishambuliwa zaidi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Ushahidi kwamba NILR1 ndiyo inayoishika ascr#18 ulikuja mwaka 2023.

Sasa tuitazame NILR1 kwa karibu. Ni protini iliyochoma utando wa seli kama pini. Upande wa nje una sehemu ndefu iliyojipinda, iliyojaa marudio yenye asidi amino ya lusini, na hapo ndipo molekuli ya mgeni hukaa. Upande wa ndani una kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Molekuli inapokaa, NILR1 huhitaji mshirika aitwaye BAK1, ambaye ndiye huyohuyo anayeshirikiana na vipokezi vya bakteria na hata vya homoni za ukuaji. Sehemu zao za ndani zinakaribiana, zinabandikana fosfati, na ndani ya dakika chache kalsiamu inafurika kutoka nje kuingia ndani ya seli. Kimeng'enya cha RBOHD kwenye utando kinaanza kutengeneza oksijeni kali upande wa nje, kinasi nyingine zinapokezana ujumbe hadi kwenye kiini, na jeni za ulinzi zinawashwa. Ukuta unaongezwa kalosi, sukari ngumu ya kuuimarisha, homoni za asidi ya salisiliki na jasmoniki zinapanda.

Kuna kituko kimoja hapa ambacho hakimo katika vitabu vingi vya kufundishia. Mmea hauishii kuinusa ascr#18, unaila. Vimeng'enya ndani ya peroksisomu, vyumba vidogo vya seli vya kuvunjia mafuta, hukata ule mnyororo wa mafuta na kuufanya mfupi, kisha mchanganyiko unaopatikana hutoka tena mzizini, na nematodi wanaukimbia. Kwa lugha ya minyoo, ujumbe umebadilishwa maana. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2020, na mimea isiyo na vimeng'enya vya kukata mnyororo huo ilishindwa kuwafukuza.

Bakteria je? Hapa umegusa jambo zito. Udongo umejaa bakteria, na mzizi ukiamsha kinga kwa kila anayepita hautakua hata sentimita moja. Mwaka 2020 maabara ya Niko Geldner huko Lausanne, Uswisi, ilionyesha jinsi mzizi unavyojizuia. Seli za tabaka za nje za mzizi uliokomaa zina vipokezi vichache sana vya bakteria, kiasi kwamba ukiziwekea kipande cha protini ya mkia wa bakteria hazijali. Lakini ukiua seli chache kwa leza, majirani wa hizo zilizokufa wanajaza utando wao vipokezi na kuanza kujibu. Yaani seli inauliza maswali mawili kwa pamoja: kuna mgeni? Kuna aliyeumia? Ikipata ndiyo mbili, inapigana. Hata bakteria wasio na madhara wakiwa karibu na jeraha hukumbana na kinga hiyo.

Hivyo jeraha si kelele tu, ni nusu ya ushahidi. Na jembe? Maabara hiyohiyo mwaka 2019 iliua seli moja moja ya mzizi kwa leza na kutazama kinachofuata. Majani yanapopondwa, seli nyingi hufa kwa pamoja na ujumbe wa jasmonati husafiri mbali. Seli moja ya mzizi ikifa, mambo huwa tofauti: wimbi la kalsiamu na oksijeni kali linaenea kwenye eneo dogo tu, jasmonati haipandi sana, na badala yake homoni ya ethilini inatengenezwa palepale. Kisha wakaweka nematodi, wakaona karibu jambo lilelile, na ethilini hiyo ikamchelewesha mnyoo kuanza kula. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la karibu zaidi kwa swali lako la jembe. Jembe linaua seli nyingi kwa mara moja na kuondoka. Nematodi anatoboa moja, anakwenda ya pili, anatoboa tena, na nyuma yake anaacha mabaki ya kuta zilizoyeyushwa na mate.

Mate hayo yanastahili aya yake. Nematodi ana sindano mdomoni, tupu katikati, anayoichomoa na kuirudisha, na nyuma yake kuna tezi tatu. Mbili kati yake zinafanya kazi sana wakati wa safari, zikitema vimeng'enya vya kuyeyusha selulosi na pektini. Mwaka 1998 ilipotangazwa kwamba nematodi wa vifuko (ambaye jike lake hugeuka kifuko cha mayai) ana jeni zake mwenyewe za selulasi, kimeng'enya cha kuyeyusha selulosi, wengi walishangaa, maana wanyama walidhaniwa hutegemea vijidudu vya tumboni kwa kazi hiyo. Asili ya jeni hizo ni bakteria. Zilihamia kwa mababu wa nematodi zamani za kale. Kwa mmea, kuta zinapokatwakatwa hubaki vipande vya pektini ambavyo seli inavijua ni vyake na inajua havipaswi kuelea ovyo. Mmea una protini ziitwazo PGIP zinazopunguza kasi ya ukataji huo, na vipande vinavyobaki vikiwa virefu ndivyo vinavyoamsha kinga vizuri zaidi. Arabidopsis iliyonyimwa PGIP1 ilishambuliwa zaidi na nematodi wa vifuko. Kwa minyoo fundo, yaani nematodi wanaosababisha vinundu, haikuleta tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa jibu la swali lako la pili. Nematodi wa vifuko hupasua njia yake kupitia ndani ya seli, anazitoboa ukuta kwa ukuta, na eneo lote analopita hubaki limekufa na kubadilika rangi. Huyo mmea unamsikia. Mnyoo fundo, yule wa vinundu unavyoviona, haingii ndani ya seli akiwa safarini. Anapenya kati yake, akilainisha gundi ya pektini inayozishikanisha, anashuka hadi ncha ya mzizi ambako seli bado zinagawanyika, anageuka, kisha anapanda kupitia katikati ya mzizi ambako mishipa inajengwa. Kwa njia hiyo anazunguka ule ukuta wa ndani wenye nta ambao ungemzuia kama angekata moja kwa moja kutoka pembeni. Seli zinazomzunguka zinabaki hai. Nusu ya ushahidi, lile jeraha, karibu haipo.

Akifika, anachagua seli chache, takriban tano hadi saba, anazichoma kwa upole bila kutoboa utando wao, na kuzitemea mate kutoka tezi ya tatu. Kiini cha kila seli kinagawanyika mara nyingi bila seli yenyewe kugawanyika, mpaka inakuwa jitu lenye makumi ya viini, saitoplazimu nzito na kazi moja tu ya kumlisha. Tishu za pembeni zinavimba. Hicho ndicho kinundu. Kwa hiyo ukiona kinundu usifikiri mmea unapigana. Kinundu ni dalili kwamba kinga ilishazimwa.

Inazimwaje? Mate yana protini nyingi za kazi hiyo. Kuna korismeti mutasi, kimeng'enya ambacho mnyoo hukiingiza ndani ya seli, na kinadhaniwa kuipokonya malighafi ya asidi ya salisiliki. Kuna kalretikulini inayokaa nje ya seli na kudhoofisha uwekaji wa kalosi. Na kuna jambo la ajabu zaidi ambalo watafiti wa Bonn walilitoa mwaka 2014: Arabidopsis isiyo na RBOHD na RBOHF, yaani isiyoweza kumwaga oksijeni kali, badala ya kuliwa zaidi na nematodi wa vifuko, ililiwa kidogo. Bila oksijeni hiyo, kifo cha seli kilisambaa kuzunguka mnyoo na kumnyima chakula. Kumbe mnyoo huitumia oksijeni kali, ileile ambayo tumeiita silaha, kuzuia seli zisife. Yeye anahitaji seli hai kwa wiki kadhaa, kwani akishaanza kula misuli yake inanyauka na hawezi tena kuhama.

Hilo la kutohama ndilo udhaifu wake mkubwa, na hapo ndipo tabaka la pili la utambuzi linapomkamata. Ndani ya seli kuna protini kubwa zinazoitwa NLR, zinazongoja mate yaingie. Gpa2 ya viazi ni mfano mzuri. Inatambua protini ya mate iitwayo RBP-1 kutoka kwa nematodi wa vifuko wa viazi, na utambuzi wote unategemea asidi amino moja, ile ya nafasi ya 187. Ikiwa ni prolini, Gpa2 inaamka na seli inajiua. Ikiwa ni serini, mnyoo anapita salama. Na ukiilinganisha Gpa2 na Rx1, protini ya viazi inayotambua virusi vya PVX, utaona zinafanana karibu kila mahali. Mmea umetumia kifaa kimoja kwa maadui wawili wasio na undugu wowote.

Nyingine inayostaajabisha ni Cf-2 ya nyanya, iliyokaa kwenye utando na kutazama nje. Yenyewe haimwangalii mnyoo. Inamwangalia Rcr3, kimeng'enya cha mmea chenye kukata protini. Nematodi wa vifuko hutema protini ya VAP1 kumkamata Rcr3; kuvu wa Cladosporium fulvum naye hufanya hivyohivyo kwa protini yake. Rcr3 akiguswa, Cf-2 inaamsha kifo cha seli. Mmea ukiwa na Rcr3 huyo bila Cf-2, unaumia zaidi kuliko ungekuwa hauna kabisa.

Kwa minyoo fundo, jeni inayojulikana sana ni Mi-1.2. Ilitolewa kwenye nyanya mwitu katika miaka ya 1940, ikachambuliwa mwaka 1998, na nyanya nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kustahimili minyoo fundo zinaibeba. Katika mmea wenye jeni hii mnyoo huingia kama kawaida, husafiri kama kawaida, na kufika pale anapotaka kula. Ndipo seli zilizo karibu na kichwa chake zinapokufa, ndani ya siku moja hivi. Ukipasua mzizi na kuupaka rangi unamwona amelala na doa la kahawia mbele ya mdomo. Hana misuli ya kuanza upya mbali, hana chakula. Jeni hiyohiyo inaupa mmea kinga dhidi ya baadhi ya vidukari na nzi weupe.

Udhaifu wake ni joto. Udongo ukizidi nyuzijoto 28 za Selsiasi, Mi-1.2 haifanyi kazi, na nyanya iliyonunuliwa kwa sababu ya jeni hiyo inaota vinundu kama nyingine yoyote. Joto linadhuru hasa likija katika siku za mwanzo, wakati seli ndiyo inaamua kufa au kutokufa; baada ya hapo uamuzi umeshapita. Kuna jeni nyingine, Mi-9, inayostahimili hata nyuzijoto 32. Kwa hiyo ukiona aina "sugu" imeshambuliwa, kabla ya kumlaumu muuza mbegu uliza kwanza udongo ulikuwa na joto kiasi gani miche ilipopandwa. La pili la kuuliza ni kama shamba limelimwa kwa jeni hiyo moja msimu baada ya msimu, kwa sababu minyoo wanaoikwepa Mi wapo na wanaongezeka palipo na Mi peke yake.

Soya nayo imechukua njia ambayo sijui kama niiite utambuzi. Kinga yake dhidi ya nematodi wa vifuko, iitwayo Rhg1, inatokana na kipande cha DNA cha jozi 31,000 hivi za besi kilichorudiwa: mara 3 katika aina ya Peking, mara 10 katika PI 88788, wakati soya ya kawaida inacho kimoja. Ndani yake kuna jeni ya alfa-SNAP, protini inayosaidia vifuko vidogo vya seli kuungana na utando, ila hii ya Rhg1 ina mkia mbovu. Ndani ya seli za kulishia mnyoo protini hiyo mbovu inarundikana mara nyingi kuliko kwingine, usafirishaji unakwama, na bwawa la chakula linakauka. Hakuna kipokezi kilichomgundua mnyoo. Aliyejenga mtego ni mnyoo mwenyewe, kwa kuilazimisha seli ifanye kazi kupita kiasi.

Swali lako la mwisho, kama naweza kulisoma katikati ya mistari, ni kama kuna tumaini. Lipo, na limetokana na kuelewa mbinu za mnyoo moja moja. Protini nyingi za NLR katika jamii ya nyanya na viazi hazimalizi kazi peke yake. Hutegemea wasaidizi waitwao NRC ili kuua seli. Nematodi wa vifuko wa viazi amelitambua hilo na ana protini ya mate, SS15, inayoingia kwenye bawaba ya NRC2 na kuizuia isikunjuke, hivyo kwa pigo moja anazima vipokezi vingi vinavyoitegemea NRC2. NRC4 haishikwi na SS15. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha umbo la hizo mbili, wakabadilisha asidi amino chache za NRC2 zifanane na za NRC4, na kuirudisha ndani ya majani ya Nicotiana benthamiana, jamaa wa tumbaku anayetumiwa maabara, pamoja na SS15. NRC2 iliyorekebishwa haikushikika, na vipokezi vilivyokuwa vimenyamazishwa vikaanza tena kuua seli.